Jiwe Jeusi Halinyonyi Sumu

Kila vijana wa Koboko na Arua wanapoanza kupanga kwenda kupanda Mlima Liru, swali linalonifikia ni lile lile: "Daktari, jiwe jeusi la nyoka nitalipata wapi?" Hakuna anayeuliza avae viatu gani. Hakuna anayeuliza kama hospitali atakayokimbilia ina seramu ya sumu ya nyoka. Wanataka jiwe tu. Basi nijibu leo hadharani, nipumzike: lipo, linauzwa, na halifai kitu.

Kwanza, hilo si jiwe. Ni kipande cha mfupa, mara nyingi wa ng'ombe, kilichochomwa mpaka kikawa cheusi ti. Mfupa uliochomwa hivyo hubaki na vitundu vidogo mno, na vitundu hivyo hufyonza unyevu. Kama huamini, kiguse kwa ncha ya ulimi: kitanata, ilhali hakuna nyoka aliyekuuma. Kwenye jeraha hufanya hayo hayo. Hufyonza damu na majimaji ya juu juu, hung'ang'ania pale, na kikishalowa hudondoka chenyewe. Hapo waliozunguka hushusha pumzi na kusema kimemaliza sumu. Kilichokwisha ni nafasi ndani ya vitundu.

Halafu kuna kituko cha maziwa. Baada ya kazi jiwe hutumbukizwa kwenye kikombe cha maziwa, mapovu yanapanda, na mtu mzima na akili zake ananyoosha kidole: "Unaona sumu inavyotoka?" Ninachoona ni hewa. Tumbukiza mkaa mkavu wa jikoni kwenye maji, nao utatoa mapovu.

Sumu haikai juu ya ngozi ikingoja kunyonywa. Kifutu ana meno yanayoweza kuzidi urefu wa sentimita 1, na hudunga sumu ndani ya nyama. Hakuna kipande cha mfupa kinachoweza kuifuata huko. Na jambo hili limepimwa. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya jaribio la panya waliodungwa sumu ya kifutu, ya swila atemaye mate, na ya nyoka mwingine wa Afrika Magharibi. Waliowekewa jiwe jeusi hawakupata nafuu yoyote kuliko wasiowekewa.

"Lakini mjomba wangu lilimponya!" Hapana. Mjomba wako aliumwa na nyoka asiye na sumu, na hao ni wengi. Au aliumwa na mwenye sumu ambaye siku hiyo hakuimwaga, jambo ambalo hutokea mara nyingi tu. Angewekewa ganda la ndizi angepona vilevile, na leo tungekuwa tunauziwa maganda. Wengine mtaniambia mlilipata kwa mapadre. Ni kweli, wamisionari wamelisambaza sana, hasa upande wa Kongo, na nia yao ilikuwa njema. Mfupa haujali nia.

Ingekuwa ni hasara ya pesa tu, ningenyamaza. Lakini ili jiwe linate lazima kuwe na damu, kwa hiyo mguu huchanjwa kwa wembe. Sumu ya kifutu inaweza kuvuruga kuganda kwa damu, nawe unamfungulia mgonjwa mabomba mapya. Kisha mnakaa kulitazama. Linanata, linangojwa lidondoke, jioni inaingia. Kama nyoka aliyeuma ni mamba au swila ambaye sumu yake inapooza misuli, wakati huo kope zinaanza kuning'inia, mate hayamezeki, na pumzi iko njiani kufuata. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka. Kuchelewa ni sehemu kubwa ya habari hiyo.

Haya, la kufanya. Pale bodaboda inapokuacha chini ya mlima, kabla hujaingia kwenye nyasi, uwe na viatu vya kufunika mguu, suruali ndefu na fimbo. Tochi kama mtashuka jua likizama. Kifutu hakimbii, hulala akitegemea rangi yake, kwa hiyo tazama unapokanyaga na usitie mkono kwenye mianya ya mawe. Namba ya mwenye boda iwe kwenye simu, na ulizia seramu iko hospitali gani kabla ya safari.

Ukiumwa: ondoka alipo nyoka, usimwinde. Vua pete, saa, viatu. Usikaze kamba, usichanje, usinyonye, usinywe aspirini. Funga mguu kwenye kijiti usicheze, na usitembee. Mate ya swila yakiingia jichoni, mwagia maji mengi, angalau robo saa. Mgonjwa apakizwe kwenye boda katikati ya dereva na mtu wa kumshika, moja kwa moja hospitali. Msidharau boda: eneo moja la kusini mashariki mwa Nepal lilipoelimisha watu na kupanga pikipiki za kubeba walioumwa, vifo vilishuka kutoka asilimia 10.5 ya walioumwa hadi 0.5.

Hospitalini tutachukua damu kidogo, tuiache dakika 20 kwenye kichupa kikavu cha kioo, kisha tukiinamishe. Ikimwagika kama maji, tumejua sumu imevuruga kuganda kwake. Msitugombeze kwamba tunakaa bure, na msimtoroshe mgonjwa kwa kuwa anaonekana mzima; atalala kwetu mpaka kesho. Na mzazi asiniombe nimpunguzie mtoto dozi ya seramu kwa kuwa ni mdogo. Nyoka hakumpimia nusu ya sumu, kwa hiyo dozi yake ni ile ile ya mtu mzima.