Mwendo kasi: Dakika moja inayogharimu faini

Familia nyingi zinaposafiri wakati wa likizo hupanga bajeti ya mafuta na chakula, lakini husahau tochi ya trafiki. Kila kosa la mwendo kasi kwa gari hapa Tanzania hutozwa faini. Ukinaswa vijiji viwili, hayo ni makosa mawili.

Ukikuta kibao cha 50, hutakiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa mpaka ufike kwenye kibao kinachoondoa ukomo huo. Madereva wengi hunaswa hapo mwishoni: wameona nyumba zimekwisha, wakakanyaga mafuta kabla ya kibao.

Piga hesabu. Kijiji chenye urefu wa kilomita tatu ukikipita kwa mwendo wa 50 unatumia dakika tatu na nusu hivi. Kwa 80, dakika mbili na robo. Umeokoa dakika moja na kidogo tu. Lakini kwa mwendo wa 80 gari hula mita 22 kila sekunde, hata kabla mguu haujafika kwenye breki. Mtoto anayevuka barabara akitoka shule atasalimika vipi?

Ufanyeje? Ondoka nyumbani mapema. Punguza mwendo unapokiona kibao, si unapomwona trafiki, wala usingoje madereva wenzako wakuwashie taa. Aliyeketi kiti cha mbele akusaidie kusoma vibao. Na ukiandikiwa faini, ilipe kwa namba ya malipo uliyopewa, kisha utunze risiti.