Muvi za kutafsiriwa ni za mtu mwenye kazi mkononi



Kuna kasumba moja inanikera. Mtu akisema anapenda muvi zilizotafsiriwa, zile anazosimulia mtu mmoja kwa Kiswahili mwanzo mpaka mwisho, wajanja wanamcheka. Ooh hajui Kiingereza, ooh mshamba. Akiongeza kwamba hata kuangalia haangalii sana, ameiwasha tu huku anasuka ukili au anabangua korosho, ndio kabisa wanammaliza: sasa muvi gani hiyo ambayo huiangalii? Leo nawajibu hao, manake nadhani hawajaelewa ile kitu inavyofanya kazi.

Kwa waliozaliwa juzi nianze na historia kidogo. Tanzania Bara hatukuwa na kituo chochote cha televisheni mpaka 1994. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 70, tena ya rangi, lakini huku bara watu wengi picha inayotembea waliiona kwanza kwenye video. Deki moja, tivii moja, jenereta, mabenchi, na ukuta wa makuti au magunia ili wasiolipa wasichungulie. Mjini wakaviita vibanda umiza. Mikanda ilikuwa ya makomandoo wa Kimarekani, karate za Hong Kong, Wahindi, na baada ya Living in Bondage ya 1992 kuonyesha kwamba kuuza mikanda kunalipa, Wanigeria nao wakamwagika. Tatizo lugha. Kibanda kizima unakuta wanaojua Kiingereza ni wawili, na mmoja wao anadanganya.

Ndipo wakaja wasimulizi. Aliyevuma kuliko wote ni Derek Mukandala, ambaye wengi wetu tulimjua kwa jina la Lufufu tu. Sauti yake ilirekodiwa juu ya muvi, kwanza kwenye VHS halafu kwenye CD, na ikafika mpaka vijiji ambavyo yeye mwenyewe nadhani hakuwahi kuvisikia. Sio kitu cha kuchekwa hata kidogo: mtafiti wa Kijerumani, Matthias Krings, amechambua jinsi Lufufu alivyoisimulia muvi ya Kinigeria inayoitwa Karishika, na uchambuzi huo umo kwenye kitabu Global Nollywood cha 2013. Maprofesa wa Ulaya wanakaa chini kumsikiliza Lufufu, wewe unaona aibu.

Sasa sikilizeni vizuri anachofanya msimulizi, hapa ndipo penyewe. Hatafsiri maneno peke yake. Angekuwa anatafsiri maneno tu ungelazimika kukodoa macho, kwa sababu kwenye muvi za mapigano stelingi haongei. Chukua Commando ya 1985, ile ya Arnold Schwarzenegger ambaye binti yake anatekwa. Kuna kipande kirefu jamaa anavaa, anajipaka rangi usoni, anajifunga visu na mabomu, neno hata moja hatoi. Kwa Kiingereza hapo ni kimya na muziki. Msimulizi hapo ndio anapata kazi. Atakwambia huyu sasa anajiandaa, atakutajia silaha moja moja, atakukumbusha mtoto yuko wapi, atakwambia wale maadui hawajui kinachowajia, na akipenda atatia na utani kuhusu bei ya zile nguo. Kila kinachoonekana anakigeuza kuwa maneno. Ukifumba macho muvi inaendelea.

Hiyo nimeishuhudia nyumbani. Kwetu Mbwara kiingilio cha watoto kilikuwa sh. 50, na mwenye kibanda alitundika spika moja nje kwenye mwembe ili kuita wateja. Yaani kiingilio kilikuwa cha macho, masikio yalikuwa bure. Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kuingia mle hata siku moja, alisema joto na wahuni. Lakini nyumba yake haikuwa mbali na ule mwembe, na jioni alikaa barazani na ukili wake anasuka. Sisi tukitoka kibandani tunaanza kubishana nani kamuua nani, bibi anaamua kesi. Anajua stelingi anaitwaje, anajua yule rafiki msaliti aliuza siri lini, anajua mpaka mambo sisi tuliyoyakosa kwa kuwa tulikuwa tunashangaa magari. Mkeka nao umeongezeka urefu. Siku wakiweka mkanda wa Kiingereza kitupu bibi analalamika kwamba leo wameweka kelele.

Kwa hiyo ukimuuliza bibi kama aliangalia muvi hizo atasema hapana, na ukimuuliza kama anazijua atakusimulia.

Baadaye simu zenye memori kadi zilipoingia, mambo yakahamia bondeni. Wakati wa mpunga huku Rufiji watu wanahama majumbani, wanakwenda kukaa shambani kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, wakiamia ndege mchana na kulinda nguruwe usiku. Mtu wa dungu macho yake ni ya shamba. Ukiinamia kioo cha simu dakika tano, ndege wanashuka, na huo mpunga ndio chakula cha mwaka. Hapo muvi ya kusoma maandishi chini haifai, muvi ya picha nzuri haifai. Inayofaa ni ile unayoiweka simu kwenye nguzo, ukaisikia huku unarusha kombeo.

Hatuko peke yetu kwenye hili. Kenya wana DJ Afro, ambaye watu wanamsikia kibandani na hata kwenye matatu. Uganda wana mavijee, akina VJ Jingo na VJ Junior, na pale Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alipotoa Who Killed Captain Alex mwaka 2010 ikawa na VJ Emmie anayeropoka juu yake mwanzo mwisho, muvi ya kwao wenyewe! Ikajulikana dunia nzima. Na wa kale kuliko wote ni Wajapani. Enzi za sinema bubu walikuwa na wasimulizi wanaoitwa benshi, wanasimama pembeni ya kitambaa wanaeleza, na kuna waliokuwa maarufu kuliko waigizaji. Kaka yake Akira Kurosawa, yule mtengeneza filamu mkubwa, alikuwa benshi. Sinema za sauti zilipoingia miaka ya 30 kazi yao ikafa.

Kuna mdau atasema mbona hata Bongo muvi unaweza kuziweka ukaendelea na shughuli zako. Kweli, ila sababu ni nyingine kabisa. Bongo muvi nyingi unaweza kuziacha kwa kuwa hakuna kinachotokea: gari linafika getini, honi, mlinzi anakuja, geti linafunguliwa, gari linaingia, geti linafungwa. Unachota maji ndoo mbili ukirudi jamaa ndio anashuka. Lakini ukigeuza mgongo masikio yako hayapati kitu, ni kinanda tu kinalia. Unapumzika, hufuati. Muvi ya kutafsiriwa inakuruhusu ugeuke na bado inakupa mali yako yote. Hizo ni aina mbili tofauti za muvi nyepesi na watu wanazichanganya. (Nampenda marehemu Kanumba, msinielewe vibaya. Ila mageti yalizidi.)

Redio ilishalijua hili zamani. Marekani miaka ya 30 kampuni za sabuni kama Procter & Gamble zilidhamini michezo ya redio ya mchana kwa ajili ya akina mama wanaofua na kupika, ndio maana mpaka leo tamthilia za namna hiyo jina lao lina sabuni ndani. Mmoja wao, Guiding Light, ulianza redioni 1937, ukahamia kwenye televisheni 1952 na kuisha 2009. Kwetu Radio Tanzania ilianzisha Twende na Wakati mwaka 1993, na Mkwaju, yule dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, alijulikana nchi nzima na watu ambao mikono yao ilikuwa kwenye sufuria. Siri ni ile ile: anayesikiliza ana kazi, kwa hiyo mambo yasemwe, na yakisemwa leo yarudiwe kesho.

Sasa je, kazi zote zinafaa kufanywa na muvi inanguruma pembeni? Hapana, na hapa vijana mnaosoma mnisikilize. Kazi ambayo mikono imeshaizoea, kama kusuka, kubangua, kufua, kupiga pasi, kukarabati nyavu, haitumii maneno kichwani. Nafasi ya maneno iko wazi, msimulizi anaijaza, na uchovu wa kurudia kitu kile kile unapungua. Lakini kusoma, kuandika na kuhesabu vinataka nafasi hiyo hiyo. Mwaka 1976 watafiti wa Marekani, Colle na Welsh, walitaka watu wakumbuke herufi kwa mpangilio huku pembeni inasikika sauti ya mtu akisoma Kijerumani, lugha wasiyoielewa. Walikosea zaidi kuliko kwenye ukimya. Lugha hawaijui na bado ikawavuruga! Sembuse Lufufu anayekusimulia kwa Kiswahili safi. Ndio maana bibi akifika kwenye kuhesabu miyaa ya kuanzia mkeka alikuwa anakwenda kukaa upande wa uani, mbali na ule mwembe. Hakuna aliyemfundisha. Fundi cherehani naye utamuona akipima kitambaa anapunguza sauti, akianza kushona anairudisha. Na wale wa bodaboda wanaoendesha na spika za masikioni, hiyo sio kazi ya kuwekea muvi, barabara inataka masikio pia.

Kilichonifanya niandike yote haya ni kitu nilichosoma. Desemba 2024 jarida la n+1 la New York lilitoa makala ya Will Tavlin kuhusu Netflix. Waandishi kadhaa wa muvi walimwambia kwamba wakubwa wa kampuni wana maelekezo wanayoyatoa mara kwa mara: mhusika atangaze kwa mdomo anachofanya, ili mtu aliyewasha muvi huku anafanya mengine aweze kufuata. Netflix hata wana kundi lao la muvi za kuangalia kiaina, bila kukaza akili. Nilicheka sana. Kampuni ya mabilioni ya dola imegundua leo kwamba watu wana kazi mikononi (wenzetu wengi kazi yenyewe ni simu, haya). Kwenye vibanda vyetu lilijulikana siku nyingi, na tena sisi tulilifanya vizuri zaidi. Ukimlazimisha mhusika aseme "sasa naingia chumbani kutafuta zile barua", unamharibia hata yule aliyekaa anaangalia, manake watu hawaongei hivyo. Lufufu hakuigusa muvi. Aliiacha kama ilivyo, akaongeza maneno juu yake, na anayeangalia akapata utani wa bure.

Najua kuna upande wa pili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 iko wazi, kutafsiri kazi ya mtu ni haki ya mwenye kazi, na hao Wamarekani sijui kama kuna aliyeombwa ruhusa. Aprili 2017 wasanii wa Bongo muvi waliandamana Kariakoo kulalamikia muvi za nje zinazouzwa kiholela bila kodi huku zao zinadoda. Mtu anayelipa waigizaji atashindana vipi na anayelipa msimulizi mmoja na CD tupu? Siwalaumu. Ila sauti ya msimulizi ni kazi ya Mtanzania, aliitunga yeye, na kwa kuwa ilipandishwa juu ya mali ya mtu mwingine hakuna makumbusho wala maktaba inayojitokeza kuitunza. Mikanda imeota ukungu, CD zimechunika, watu wanatupa.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye mikanda hiyo majumbani. Usiitupe, na kama ina madoa meupe ya ukungu usiichomeke kwenye deki, utaharibu vyote viwili, mpelekee fundi kwanza. Iliyo safi unaweza kuokoa sauti yake mwenyewe hata kwenye kompyuta ya kafe wakikuruhusu. Tafuta waya wenye vichwa viwili, cheupe na chekundu, upande mmoja, na pini kama ya spika za masikioni upande wa pili. Vichwa vinaingia nyuma ya deki kwenye matundu ya sauti ya kutokea, pini inaingia kwenye tundu la bluu la kompyuta ya mezani. Pakua programu ya Audacity, ni ya bure, bonyeza kurekodi, halafu bonyeza pleya kwenye deki. Picha hutaipata kwa njia hii, lakini kwa muvi hizi si mnajua picha sio shida. Mkanda wa masaa mawili unachukua masaa mawili kamili, hakuna njia ya mkato, kwa hiyo njoo na kazi yako ya kufanya.