Fahamu: Kwa nini ndege ndogo huelemewa milimani

Juni 5, 2018, ndege aina ya Cessna Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare. Watu wote 10 waliokuwemo walifariki. Kwa nini milima ni hatari hivyo?

Hewa nyepesi. Kwenye mita 5,500 hivi, mgandamizo wa hewa ni nusu ya ule wa usawa wa bahari. Mabawa, propela na injini vyote hupungukiwa nguvu. Rubani aliyezoea kuruka kutoka Mafia, mkabala wa delta ya Rufiji, akikodi ndege kama yake uwanja wa Wilson, Nairobi, mita 1,690 hivi juu ya bahari, atahitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kupaa. Joto la mchana huongeza shida.

Upepo na mawingu. Nyuma ya mlima upepo huporomoka na kuishusha ndege, huku mawingu yakificha kilele.

Afanyeje? Aruke mapema asubuhi, apunguze mzigo, na ageuze njia ingali wazi. Nawe abiria, ukiambiwa uzito umezidi, acha begi bila kubishana.