Mwendo wa Kijana na Mwendo wa Mzee

Watu wawili wakitazamwa kwa nyuma barabarani, mmoja wa miaka 25 na mwingine wa miaka 75, mtazamaji hahitaji kuona nyuso zao ili amtambue mzee. Hatua zake ni fupi, nyayo hazinyanyuki sana kutoka ardhini, mikono haipungi kama zamani, na macho hutazama chini, hatua chache mbele. Wengi hudhani kwamba mzee huchelewa kwa kuwa anakanyaga mara chache. Kwa kweli idadi ya hatua kwa dakika haipungui sana. Kinachopungua zaidi ni urefu wa kila hatua.

Ufupi huo una sababu. Katika kutembea upo muda ambao mguu mmoja hubeba mwili mzima, na upo muda mfupi ambao nyayo zote mbili zimegusa ardhi. Kwa kijana, muda wa nyayo mbili ni takriban sehemu moja ya tano ya mzunguko wa hatua. Kwa mzee hukaribia robo. Pasipo kukusudia, mzee hupunguza muda wa kusimama juu ya mguu mmoja, kwa kuwa huo ndio muda wa hatari. Polepole yake ni gharama anayoilipa ili asianguke.

Hata chanzo cha nguvu hubadilika. Kijana husukuma mwili mbele kwa vigimbi na kifundo cha mguu. Uzeeni sehemu kubwa ya kazi hiyo huhamia kwenye misuli ya nyonga. DeVita na Hortobágyi walilionyesha jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, na tofauti ilionekana hata wazee na vijana walipotembea kwa kasi moja.

Kusimama nako ni kazi, ingawa haionekani. Mtu aliyesimama wima hatulii kamwe. Mwili huyumba kidogo na kurejeshwa, huyumba tena na kurejeshwa. Ubongo hutegemea wajumbe watatu: macho, sikio la ndani, na hisia zitokazo kwenye nyayo na viungo. Kijana akikosa mmoja, wawili waliobaki humtosheleza. Kwa mzee, wote watatu huwa wamepungukiwa kidogo kidogo, na mara nyingi yeye huyategemea macho kuliko wengine. Ndiyo maana mtu anayetembea salama mchana anaweza kuanguka usiku akielekea chooni gizani. Kisukari kilichoharibu mishipa ya fahamu ya nyayo humwondolea mjumbe mmoja, na mtoto wa jicho humwondolea mwingine.

Tofauti inayosahauliwa zaidi, hata na watumishi wa afya, imo akilini. Kijana hutembea huku akizungumza na kupiga hesabu za matumizi ya nyumbani, wala miguu haimwombi ruhusa. Kwa baadhi ya wazee kutembea kumekuwa kazi inayodai fikra. Mwaka 1997 watafiti wa Sweden, Lundin-Olsson na wenzake, waliandika katika jarida la Lancet kuhusu wazee 58 waliokuwa wakiishi katika makazi ya kutunzia wazee. Walipoanzishiwa mazungumzo njiani, 12 walisimama kwanza ndipo wakajibu. Katika miezi 6 iliyofuata, 10 kati ya hao 12 walianguka.

Kipimo hicho hakihitaji kifaa chochote, lakini katika Afrika Mashariki kinataka uangalifu. Mzee akiamkiwa “Shikamoo” njiani husimama, huitikia “Marahaba”, kisha huuliza habari za nyumbani. Kusimama huko ni adabu, wala asiandikiwe ugonjwa kwa sababu ya malezi mema. Ni afadhali salamu zimalizwe kwanza akiwa ameketi, kisha muuguzi, akitembea naye bega kwa bega kuelekea chumba cha daktari, amuulize jambo dogo: “Bibi, leo umetoka nyumbani saa ngapi?” Hapo ndipo miguu itazamwe.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hata hivyo wazee wengi hawasemi kwamba wameanguka mpaka waulizwe, kwa kuhofia kukatazwa kwenda shambani au sokoni. Basi waulizwe. Kisha kifanyike kipimo cha kuinuka na kutembea, kilichoelezwa na Podsiadlo na Richardson mwaka 1991: mzee ainuke kitini, atembee mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi na kuketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, achunguzwe kwa kina. Shinikizo la damu lipimwe akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. La juu likishuka kwa 20 au zaidi, au la chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika 3, dawa zake zipitiwe upya na daktari. Mgonjwa asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Nyumbani, mapenzi ya watoto wakati mwingine hudhuru. “Kaa tu, mama, utaanguka,” huambiwa, naye hukaa. Misuli isiyotumiwa hunyauka upesi, hofu huongezeka, na siku anapolazimika kuinuka hatari imekuwa kubwa kuliko mwanzo. Mapitio ya tafiti 108 yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2019 yalionyesha kwamba mazoezi hupunguza idadi ya kuanguka kwa asilimia 23. Yanayofaa zaidi ni yale yanayoujaribu uwezo wa mwili kujisawazisha: kuinuka kitini bila kushika, kunyanyuka kwa ncha za vidole huku mikono ikiwa juu ya meza imara, kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, mtu mwingine akiwa kando. Ndala zilizolegea ziwekwe kando, na njia ya chooni iwe na taa.

Yote haya yanahusu mwendo unaobadilika taratibu, kwa miaka. Mzee aliyetembea vizuri wiki iliyopita na leo anaburuta mguu mmoja, anayumba upande mmoja, au miguu yote imekufa ganzi na hawezi kuzuia mkojo, hana tatizo la uzee. Huyo afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.