Pistoni Kizimbani: Utangulizi wa Elimu ya Injini Iliyokufa Ndani ya Dhamana

Neno dhamana lina makao mawili mjini kwetu. Mahakamani, mdhamini husimama mbele ya hakimu na kuahidi kwamba mshtakiwa atarudi siku ya kesi. Dukani Kariakoo, kikaratasi kilichomo ndani ya boksi la msumeno wa mnyororo, au chenso kama wasemavyo mafundi, huahidi kwamba injini haitakufa kabla ya muda wake. Kote kuwili kuna anayebeba mzigo wa mwenendo wa mwingine, na hakuna dhamana isiyo na masharti. Elimu ninayokukaribisha inaanzia pale masharti hayo yanapobishaniwa.

Chukua mkata miti wa Chamazi au Madale, anayeitwa kuangusha miembe na mikorosho kwenye viwanja vipya. Miezi mitatu baada ya kununuliwa, chenso yake inanoki, yaani injini inakwama. Akiirudisha dukani anaambiwa, "Umekosea kuchanganya mafuta." Naye anaapa kwamba hakukosea. Watabishana hadi jioni, na pistoni, iliyoshuhudia yote, haitaulizwa.

Injini ya chenso ni ya mipigo miwili. Haina oili inayokaa chini yake kama bodaboda. Oili yake husafiri ndani ya petroli. Kipimo kinachotajwa sana ni 50 kwa 1: mililita 100 za oili katika lita 5 za petroli. Stihl, kwa mfano, hukubali kipimo hicho kwa oili yao. Kwa oili ya mipigo miwili ya kampuni nyingine hutaka 25 kwa 1, yaani mililita 200. Anayepima kwa kifuniko cha chupa anacheza kamari na silinda.

Pistoni husomeka. Vumbi lililopita kwenye chujio bovu hula upande wa kuingilia hewa na kuuacha umefifia. Mikwaruzo mirefu upande wa eksozi, kwenye joto kali, huashiria oili pungufu au mchanganyiko wenye hewa nyingi. Hapo ndipo penye utamu wa fani hii: hewa nyingi inaweza kuingia kwa sababu sili ya kiwandani inavuja. Kosa la mnunuzi na kosa la kiwanda huweza kuacha kovu linalofanana. Kuyatenganisha kunahitaji kupima injini kwa mgandamizo wa hewa, kuona kama inavuja, na kuchunguza mafuta yaliyobaki kwenye tanki.

Sheria nayo ina mlango wake. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyofuata sheria ya Kiingereza ya 1893, humlinda aliyemweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa na kutegemea ujuzi wake. Lakini ukitaja mwenyewe jina la biashara la bidhaa unayoitaka, ulinzi huo hupungua. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), humlinda mlaji, lakini tafsiri yake ya mlaji humwacha nje anayenunua kitu ili kuzalisha bidhaa za kuuza. Mwenye kukata mti uani kwake yumo. Mpasua mbao za biashara ana safari ndefu zaidi. Juu ya hayo yote kuna kanuni ya ushahidi: anayedai ndiye athibitishe.

Ndiyo maana kurasa zijazo zinawahusu fundi wa Mbagala na wakili wa Kinondoni kwa pamoja. Wakili asiyejua sili inavujaje hatajua la kumuuliza shahidi. Fundi anayemwaga mafuta na kuosha pistoni kwa petroli, kwa nia njema kabisa, amefuta ushahidi wa mteja wake.

Kabla hujafungua sura ya kwanza, anza na haya matatu. Chenso ikinoki, usiiwashe tena. Usimruhusu mtu yeyote kuifungua wala kumwaga mafuta yake mpaka pande zote mbili ziwepo. Na risiti yako ipige picha leo, maana maandishi ya risiti za mashine huweza kufifia kabla dhamana haijaisha.