Nilivyoumbuka mbele ya bakuli la gumbo!

Msomaji wangu, kama wewe ni mmoja wa wale wanaojifanya kujua misosi yote ya dunia, tulia hapo hapo. Mimi nilikuwa mwenzako, hadi nilipoumbuka mchana kweupe mezani kwa watu.

Ilikuwa Jumapili, mjini Lafayette, jimbo la Louisiana, Marekani. Mshikaji wangu mmoja, Mcajun wa damu, alinikaribisha kwao kula gumbo. Njia nzima nikawa namtambia: gumbo naijua bwana, nimeila New Orleans siku tatu mfululizo. Mchuzi mzito, wali mweupe katikati, kwisha habari! Jamaa akacheka tu.

Wacajun ni kizazi cha Wafaransa waliofukuzwa na Waingereza huko Acadia, ambako leo ni Kanada, kuanzia mwaka 1755. Lakini jina la msosi wenyewe wataalamu wengi wanalirudisha Afrika, kwenye neno la Kibantu la huko Angola lenye maana ya bamia. Ila siku hiyo bamia haikuwamo. Ilikuwa kuku na soseji ya kukaushwa kwa moshi.

Nilimkuta mama mtu jikoni, anakoroga unga wa ngano na mafuta kwenye sufuria nzito, moto mdogo. Wenyewe wanauita roux. Ukizubaa kidogo tu umeungua, unaanza upya. Alikoroga karibu saa nzima hadi ukawa na rangi ya chokoleti. Ndipo vikaingia vitunguu, seleri na pilipili hoho, kisha supu na nyama.

Tukakaa mezani, mama akanipa bakuli. Mungu wangu! Katikati ya mchuzi ule wa moto, badala ya wali, limekaa bonge la saladi ya viazi, ya baridi, yenye mayai, mayonezi na haradali! Nikajua mama wa watu kachanganya mambo. Nikaanza kuisukuma pembeni kwa kijiko, huku nikiuliza kwa adabu za kinafiki, "Samahani mama, wali upo?"

Meza nzima kimya. Mshikaji akaangalia sakafu.

Mama hakufoka. Akasema tu, "Cher, wali upo jikoni. Lakini hivi ndivyo mama yangu alivyonilisha. Onja kwanza, ndipo ukatae."

"Cher" kwa Kifaransa chao ni mpenzi, na hilo ndilo lililonimaliza. Mtu kasimama motoni saa nzima kwa ajili yangu, halafu mimi namsahihisha nyumbani kwake!

Nikaonja. Wee! Ubaridi wa viazi unapoza ule moto, uchachu wa haradali unakata mafuta ya soseji, na viazi vikilainika mchuzi unazidi kuwa mzito. Nikamaliza, nikaomba la pili.

Baadaye mshikaji akanipa somo. Kumbe kwa Wacajun mambo hayo ni ya kawaida: wengine wanaiweka saladi pembeni, wengine ndani ya bakuli, wengine wanachanganya na wali humo humo. Nilichokula New Orleans kilikuwa gumbo kweli, ila mimi nilidhani ndiyo gumbo yote.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukikaribishwa kwa watu, kijiko kitangulie, mdomo ufuate. Wali wa mama yule mpaka leo sijui ulikuwaje, maana sikuuulizia tena!