Sotoka ya Mbuzi na Kondoo

Wengi wetu tulilipiwa karo kwa mbuzi aliyeuzwa. Basi yafaa tumjue adui wake mkubwa, ndiye sotoka ya mbuzi na kondoo.

Ugonjwa huu huletwa na virusi. Nchini Uganda ulithibitishwa Karamoja mwaka 2007. Mnyama hushikwa na homa, hutoka makamasi na matongo, hupata vidonda kinywani, kisha huhara na kukohoa. Wengi hufa. Dawa ya kuua virusi hivyo hakuna, binadamu haambukizwi.

Hatari yake ni hii: mnyama huanza kuwaambukiza wenziwe kabla dalili hazijaonekana wazi. Mbuzi akinunuliwa Nakivale akapelekwa Mbarara, ugonjwa waweza kusafiri naye, na mnunuzi asijue.

Kinga ni tatu. Kwanza, mbuzi mgeni atengwe wiki tatu. Pili, chanjo, sindano moja hukinga miaka mitatu. Tatu, wakiugua kadhaa pamoja, aitwe Bwana Mifugo, naye achukue damu na makamasi yapimwe maabara.

Kinga ya tatu ndiyo ngumu. Mwenye mbuzi huogopa soko kufungwa, kwa hiyo humuuza mgonjwa upesi. Kumbe amempelekea jirani msiba, na kesho utamrudia yeye. Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kuwa imekwisha duniani mwaka 2011, kwa chanjo na kwa wafugaji waliotoa habari mapema. Ndugu zangu, likizo ikifika tuwaeleze wazee wetu jambo hili.